Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: utofauti wa vinasaba vya virusi vya miwa

Majibu haya yameandikwa kwa wakulima, maafisa ugani, wanafunzi wa kilimo na watu wa maabara wanaotaka kujua kwa nini kirusi chenye jina moja kinaweza kutenda mambo tofauti katika mashamba mawili. Baadhi ya majibu ni marefu kwa kuwa suala lenyewe limechunguzwa kwa karne nzima. Mengine yanaisha kwa sentensi mbili.

Ni virusi gani hasa vinavyoshambulia miwa?

Ni vingi, na havina udugu wa karibu. Kirusi cha batobato ya miwa, ambacho maabara hukiandika SCMV, pamoja na mwenzake wa batobato ya mtama, SrMV, ni vya jenasi (kundi la spishi ndugu) Potyvirus. Kila kimoja kina vinasaba vya uzi mmoja wa RNA wenye herufi, yaani vipashio vya vinasaba, karibu 9,600. Kirusi cha batobato ya milia, SCSMV, ni cha familia hiyohiyo lakini jenasi yake ni Poacevirus. Kirusi cha umanjano wa majani, SCYLV, ni cha jenasi Polerovirus na kina herufi kama 5,900 tu.

Baada ya hapo tunatoka kwenye RNA ya uzi mmoja kabisa. Virusi vya milia, vya jenasi Mastrevirus, vimebeba duara dogo la DNA lenye herufi karibu 2,700. Virusi vyenye umbo la kijiti, ambavyo kwa pamoja huitwa SCBV na ni vya jenasi Badnavirus, vina DNA ya nyuzi mbili yenye herufi zaidi ya 7,000. Kirusi cha ugonjwa wa Fiji kina RNA ya nyuzi mbili iliyogawanyika vipande 10. Kuna na vingine vyenye eneo dogo, kama kirusi cha udumavu wa Ramu huko Papua New Guinea.

Kwa hiyo mtu akikuuzia "dawa ya virusi vya miwa", muulize kwanza anazungumzia kipi. Halafu usiinunue, maana hakuna dawa ya kunyunyizia inayoponya muwa uliokwisha kuambukizwa kirusi chochote kati ya hivyo.

"Utofauti wa vinasaba" maana yake nini, na mpaka wa spishi moja na nyingine unawekwa wapi?

Ukisoma herufi za vinasaba vya kirusi kutoka shamba moja na kuzilinganisha na za kirusi cha jina hilohilo kutoka shamba lingine, utakuta hazifanani zote. Kiasi cha kutofanana ndicho utofauti wenyewe. Wataalamu wamekubaliana mipaka, na inabadilika kulingana na jenasi. Kwa Potyvirus, virusi viwili huhesabiwa spishi mbali mbali ikiwa herufi zinazofanana katika sehemu yote inayotengeneza protini ni chini ya asilimia 76. Kwa Mastrevirus mpaka wa spishi ni asilimia 78 ya jenomu (vinasaba vyote) nzima, na ndani ya spishi, vinavyofanana kwa chini ya asilimia 94 huitwa aina ndogo tofauti. Kwa Badnavirus huangaliwa eneo moja la jeni linalohusika na kunakili, na tofauti ya zaidi ya asilimia 20 inatosha kutenganisha spishi. Kwa Polerovirus kipimo ni tofauti ya zaidi ya asilimia 10 katika protini yoyote.

Mipaka hii imewekwa na binadamu kwa ajili ya kupanga makabati yao. Vidukari hawaijui. Virusi viwili vilivyo upande mmoja wa mstari vinaweza kutofautiana sana kwa ukali, na viwili vilivyotenganishwa na mstari vikaleta dalili zisizotofautishika kwa macho. Ni vyema kuisoma asilimia kama anwani, si kama hukumu.

Utofauti huo unatoka wapi?

Chanzo cha kwanza ni makosa ya kunakili. Kimeng'enya kinachonakili RNA ya virusi ni kama mwandishi asiyerudia kusoma alichoandika: hukosea takriban herufi moja katika kila elfu kumi hadi milioni moja. Jenomu ya SCMV ina herufi karibu elfu kumi, na ndani ya jani moja nakala hutengenezwa kwa wingi mno. Hivyo mmea mmoja hauna kirusi kimoja kilichojirudia, una kundi la nakala zinazokaribiana, nyingine zikiwa mbovu, chache zikiwa na uwezo ambao mzazi hakuwa nao. Ilitarajiwa kwamba virusi vya DNA, kama vile vya milia, vingekwenda polepole kwa sababu vinanakiliwa na vimeng'enya vya mmea wenyewe, vilivyo makini zaidi. Vipimo vimeonyesha vinginevyo: mastrevirusi hubadilika kwa kasi inayokaribiana na ya virusi vingi vya RNA.

Chanzo cha pili ndicho kinachobadilisha mambo kwa ghafla: kuunganika kwa vipande kutoka virusi viwili vilivyokutana ndani ya mmea mmoja. Mfano ulio wazi kuliko yote katika miwa ni SCYLV. Jenomu yake iliposomwa kikamilifu kuelekea mwaka 2000, ilionekana kuwa jeni za upande wa mwanzo, zinazohusika na kunakili, zinafanana na za polerovirusi. Jeni za protini ya ganda la kirusi na ya kusafiri ndani ya mmea zinafanana na za luteovirusi. Na kipande kinachofuata, kinachorefusha protini ya ganda, kina sura ya enamovirusi. Kirusi hiki, kwa maneno mengine, kina mababu wa matawi matatu. Hakuna idadi ya makosa ya herufi mojamoja ambayo ingekileta kwa hatua moja namna hiyo.

Virusi vya milia vina historia kama hiyo. Kirusi cha milia ya mahindi cha aina A, kinachoangamiza mahindi barani Afrika, kilitokana na kuunganika kwa aina zilizokuwa zinaishi kwenye majani ya porini.

Chanzo cha tatu kinahusu virusi vyenye jenomu ya vipande, kama cha Fiji. Nasaba mbili zikiingia katika seli moja, zinaweza kubadilishana kipande kizima.

Kwa nini muwa unabeba utofauti mwingi hivyo kuliko mazao yanayopandwa kwa punje?

Kwa sababu ya pingili. Zao la punje huanza maisha yake karibu safi, kwa kuwa virusi vingi havipiti kwenye punje. Muwa haupewi nafasi hiyo. Unakata shina, unapanda pingili, na kila kirusi kilichokuwa katika shina mama kinaamka pamoja na jicho linalochipua. Shamba hilo litavunwa, litaachwa lichipue ratuni ya kwanza, ya pili, ya tatu, na muda wote huo wadudu wanaongeza virusi vingine bila chochote kuondolewa. Mmea wa miaka mingi wenye virusi vitatu au vinne ndani yake ndio mahali pazuri pa vipande kukutana na kuungana.

Sababu ya pili ni asili ya miwa ya kisasa. Si spishi moja. Ni machotara ya Saccharum officinarum, muwa mnene wenye sukari nyingi, na Saccharum spontaneum, jamaa yake wa porini mwenye ukakamavu, na kromosomu za machotara hayo hupita 100. Ili kuwapata machotara hao, vituo vya Java, vya Coimbatore nchini India, vya Barbados na kwingineko vimekuwa vikibadilishana vipande vya miwa kwa zaidi ya miaka mia. Virusi vilisafiri kwenye masanduku hayohayo. Hii ndiyo maana unaweza kukuta nasaba moja ya kirusi katika visiwa vilivyo bahari mbili tofauti na usiikute kwa jirani. Ramani ya virusi vya miwa inafuata njia za meli na za watafiti zaidi kuliko njia za upepo.

Batobato ya miwa: ni kirusi kimoja au vingi?

Kwa muda mrefu jibu lilikuwa "kimoja chenye aina nyingi". Ugonjwa ulielezwa kwa mara ya kwanza Java mwaka 1892. Mwaka 1919 ulionekana Louisiana, Marekani, na mwaka 1920 mtafiti Brandes alionyesha kuwa kidukari cha mahindi ndiye anayeusambaza. Kufikia katikati ya miaka ya 1920 kilimo cha miwa cha Louisiana kilikuwa kimeanguka, na kilichokiokoa ni machotara kutoka Java yenye damu ya S. spontaneum, yale yanayojulikana kwa herufi POJ.

Watafiti wa wakati ule hawakuwa na njia ya kusoma vinasaba. Walichukua utomvu wa muwa mgonjwa, wakaupaka kwenye mimea ya mbegu (aina zinazopandwa) kadhaa za miwa na mtama, wakaangalia ni ipi inaugua na kwa mtindo gani. Kila mtindo mpya ulipewa herufi: A, B, D, E, H, I, M na kuendelea. Orodha ikarefuka, mahindi na majani ya porini yakiongeza zake.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, uchunguzi wa protini ya ganda ulivunja orodha hiyo. Zile zilizoitwa aina za kirusi kimoja ziligawanywa katika spishi nne: cha batobato ya miwa, cha batobato ya mtama, cha udumavu na batobato ya mahindi, na cha batobato ya nyasi ya Johnson. Katika mashamba ya miwa wanaokutwa kwa kawaida ni wawili wa kwanza. Aina H, I na M, ambazo zilikuwa maarufu sana katika vitabu vya miwa, zikahamia kwa kirusi cha mtama.

Hili lina matokeo hadi leo. Ukisoma ripoti ya zamani inayosema mbegu fulani "inastahimili batobato", huwezi kujua ilijaribiwa dhidi ya kipi kati ya virusi viwili. Mimi ningeichukulia ripoti kama hiyo kuwa dokezo tu.

Je, ni kweli kwamba aina ndogo hubadilishana zamu shambani?

Kweli, na Louisiana tena ndiyo kumbukumbu bora, kwa kuwa walifuatilia kwa miongo mingi. Machotara ya kwanza yalizuia aina zilizokuwapo. Katika miaka ya 1950 ikajitokeza aina H, ambayo iliweza kuingia kwenye mbegu zilizokuwa zikiaminiwa, na baadaye aina I ikapata nafasi yake. Zote mbili, kama tulivyosema, sasa zinahesabiwa ndani ya SrMV. Yaani kile kilichoonekana kama kirusi kilekile kilichobadilika, kwa sehemu kubwa kilikuwa spishi nyingine iliyojaza pengo.

Ndani ya SCMV nako kuna makundi. Mfuatano wa jeni ya protini ya ganda ulipolinganishwa, sampuli nyingi za mahindi zilijikusanya upande wake na za miwa upande wake. Mgawanyo huo haufuati sana mipaka ya nchi kama unavyofuata mmea ambao kirusi kimezoea kuishi. Kuzoea huko si kifungo, ila kunaonyesha kwamba kila zao linachuja nakala zinazolifaa.

Milia ya miwa ilitoka wapi?

Afrika na visiwa vya Bahari ya Hindi. Hapa miwa ndiyo mgeni, kwa kuwa asili yake ni New Guinea na Asia ya kusini, na virusi ni wenyeji waliokuwa wakiishi kwenye majani ya porini.

Natal, Afrika Kusini, mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa imejaa mbegu iitwayo Uba. Ilikuwa ngumu, ilivumilia mengi, na ilikuwa imeenewa na milia karibu kila mahali. Mtafiti H. H. Storey alionyesha katika miaka ya 1920 kuwa msambazaji ni mdudu mdogo anayerukaruka majanini, Cicadulina mbila. Mwaka 1930, pamoja na mtafiti mwenzake McClean, alieleza jambo ambalo leo tunalisoma kama ripoti ya awali ya utofauti wa vinasaba: milia ya mahindi, ya muwa wa Uba na ya nyasi za porini haikuwa kitu kimoja, kwa maana kila moja ilishika vizuri mmea wake na kusuasua kwenye mwingine. Hakukuwa na maabara ya DNA. Alikuwa na wadudu, vizimba na subira.

Storey alihamia kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, Tanganyika, na huko akaligeuza swali upande wa mdudu. Aligundua kuwa si kila Cicadulina mbila anaweza kubeba kirusi. Uwezo huo hurithiwa, na matokeo yake aliyachapisha mwaka 1932. Tena, alipotoboa kwa sindano utumbo wa mdudu asiyeweza, mdudu huyo aliweza. Kizuizi kilikuwa ukuta wa utumbo. Kwa hiyo katika kuenea kwa milia kuna utofauti wa pande tatu: wa kirusi, wa mmea, na wa mdudu. Wengi huhesabu wa kwanza tu.

Uba iliondolewa katika miaka ya 1930, nafasi yake ikachukuliwa na mbegu za Coimbatore, na milia ikapungua hadi ikakaribia kusahaulika. Usomaji wa vinasaba ndio uliorudisha mjadala. Leo tunatenganisha kirusi cha milia cha Natal, cha Misri, cha Réunion, na vingine kadhaa, vyote vikiwa spishi zinazojitegemea.

Umanjano wa majani: nasaba zake zinatofautiana kwa madhara?

Ndiyo. Ugonjwa huu ulijulikana Hawaii mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 uliikumba Brazili kupitia mbegu ya SP71-6163, ambako hasara ilifika nusu ya mavuno katika mashamba yaliyoathirika. Nasaba za SCYLV zimepewa majina ya mahali zilipotambuliwa kwanza: BRA-PER kwa Brazili na Peru, CUB kwa Kuba, REU kwa Réunion, IND kwa India, na nyingine za China. BRA-PER ndiyo iliyotapakaa zaidi duniani.

Majaribio ya kuambukiza kwa kutumia kidukari cha miwa, Melanaphis sacchari, yalionyesha kuwa nasaba hizo hazina uwezo sawa wa kuingia kwenye mbegu moja, wala hazisababishi dalili za kiwango kimoja. Tatizo ni kwamba dalili zenyewe, mshipa mkuu wa jani kugeuka njano upande wa chini, huchelewa hadi muwa ukomae, na mbegu nyingi huambukizwa bila kuonyesha chochote. Baridi, ukame na upungufu wa rutuba huleta sura ileile. Anayegundua umanjano kwa macho peke yake anabahatisha.

Kwa nini SCBV inasemwa kuwa ngumu kuliko zote?

Kwa sababu hakuna "kirusi cha SCBV". Kuna lundo. Kilitambuliwa kwanza Kuba katikati ya miaka ya 1980, kisha Hawaii, na jenomu nzima ya kwanza ilisomwa kutoka sampuli ya Morocco mwaka 1993. Kila nchi iliyochunguza baadaye imeongeza matawi mapya. Guadeloupe, kisiwa kidogo chenye hazina kubwa ya mbegu za miwa, kilitoa spishi mbili zilizobeba jina lake. Matawi yanaitwa kwa herufi za alfabeti, na alfabeti inakaribia kuisha.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba kwenye mti wa nasaba, yaani mchoro wa udugu wa virusi, hivi havikai peke yao. Vinaingiliana na vya michirizi ya migomba, na majaribio yameonyesha kuwa vidung'ata, wale wadudu weupe wenye unga wanaojificha chini ya magamba ya majani, wanaweza kuvihamisha kutoka muwa hadi mgomba. Ni kutoka upande gani vilianzia safari? Mti unaruhusu simulizi zaidi ya moja, na sioni haja ya kulazimisha mshindi.

Kwa mkulima, habari ya kutuliza ni kwamba miwa mingi yenye SCBV haionyeshi dalili, au ina madoa hafifu tu. Anayeumia zaidi ni anayesafirisha mbegu, kwani kipimo kilichotengenezwa kwa tawi moja kinaweza kulipita jingine bila kuliona.

Na kirusi cha Fiji?

Huleta vinundu virefu upande wa chini wa jani na kudumaza muwa hadi uonekane umeng'atwa kileleni. Husambazwa na wadudu wa jenasi Perkinsiella. Bundaberg, Australia, ilipata mlipuko mkubwa katika miaka ya 1970 kwenye mbegu ya NCo310, na ulizimwa kwa kubadilisha mbegu. Madagaska kipo, bara la Afrika lina kila sababu ya kukiogopa.

Virusi vya miwa vinaweza kuhamia mahindi?

Baadhi, na Afrika Mashariki imelipa gharama yake. Mwaka 2011 mahindi yalianza kukauka Bomet, Kenya, na ugonjwa huo hatari wa kukausha mahindi ukaenea Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia. Unatokea pale virusi viwili vinapokutana katika mmea mmoja: kirusi cha madoa ya mahindi, MCMV, pamoja na potivirusi, ambayo katika eneo letu huwa ni SCMV. Kwa jina, SCMV ni kirusi cha miwa, na kilikuwapo Kenya miongo mingi kabla. Kilichokuwa kigeni ni MCMV. Kikiwa peke yake, SCMV huleta batobato ambayo mahindi mengi huvumilia; vikiwa wawili, shamba linakufa.

Usomaji wa sampuli za mahindi baada ya mlipuko ulionyesha kuwa SCMV ya eneo hili si nakala moja iliyosambaa. Ina nasaba kadhaa na dalili za kuungana kwa vipande. Kwa hiyo, je, muwa wa jirani ndio uliokuletea ugonjwa? Usikimbilie kumlaumu. Kwa jinsi sampuli za mahindi na za miwa zinavyojitenga kwenye mti wa nasaba, shamba lako la mahindi ya msimu uliopita, au majani yaliyo kando ya shamba, vina nafasi kubwa zaidi ya kuwa chanzo.

Maabara imesema sampuli haina kirusi, lakini majani yana milia wazi. Nani amekosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Kipimo cha ELISA hutambua umbo la protini ya ganda, na cha PCR, kinachonakili vinasaba ili vionekane, hutegemea vipande vifupi vya vinasaba vya kuanzishia vinavyopaswa kulingana na herufi za kirusi. Kirusi chako kikiwa na herufi tofauti mahali hapo hasa, PCR itanyamaza.

Kuna tukio linalofaa kukumbukwa na kila mtu wa karantini. Mimea miwili ya miwa kutoka Misri, iliyokuwa karantini nchini Ufaransa, ilijulikana kuwa na kirusi cha milia cha Misri. Iliposomwa vinasaba vyote bila kuchagua cha kutafuta, kazi iliyochapishwa mwaka 2014, ilikutwa na mastrevirusi wa pili, wa mbali sana kinasaba, aliyepewa jina la kirusi cha milia nyeupe. Alikuwa amevipita vipimo vyote vya kawaida. Alionekana pia kwenye miwa kutoka Sudan. Kilichomficha ni kwamba dalili zilikuwa tayari zimepata mwenyewe: kirusi cha kwanza kilitosha kuzieleza.

Usomaji wa aina hiyo una upande wake wa pili. Hutoa orodha ya kila kilichomo, pamoja na virusi ambavyo havijathibitishwa kuleta madhara yoyote. Kukuta mfuatano mpya si sawa na kukuta ugonjwa mpya, na ningetamani vichwa vya habari vingekumbuka hilo.

Maji ya moto hayaondoi virusi?

Tiba ya kawaida ya pingili kwenye maji ya nyuzi 50 kwa saa 2 imelengwa kwa bakteria wa udumavu wa ratuni. Kwa virusi tunavyovizungumzia hapa usiitegemee. Njia inayosafisha vizuri ni kukuza mmea kutoka ncha changa kabisa ya chipukizi kwenye chupa za maabara, kisha kuupima tena. Inafanya kazi kwa SCMV na SCYLV. Mche uliosafishwa hauna kinga, lakini. Ukipandwa kando ya shamba lenye vidukari wenye kirusi, utaambukizwa upya.

Mbegu kinzani hudumu muda gani?

Swali zuri zaidi ni: kinzani dhidi ya nini? Mbegu iliyochujwa kwenye kituo chenye nasaba moja ya kirusi imethibitishwa dhidi ya nasaba hiyo. Mbegu hiyohiyo ikipandwa mahali penye nasaba nyingine inaanza mtihani upya. Ukinzani unaotokana na jeni nyingi ndogo huwa mgumu kuvunjwa kuliko ule unaotegemea jeni moja kubwa, na kupanda mbegu moja tu kwenye eneo lote ni kumrahisishia kazi kirusi kitakachobahatika kupata badiliko linalofaa. NCo310 na SP71-6163 zote zilipendwa kupita kiasi kabla ya kuanguka.

Miwa iliyobadilishwa vinasaba ili kunyamazisha RNA ya kirusi imejaribiwa dhidi ya SrMV na SCYLV. Njia hiyo hutegemea kufanana kwa herufi, hivyo utofauti ni tatizo lake kwa maumbile yake: kadiri kirusi cha shambani kinavyotofautiana na kipande kilichotumika, ndivyo kinga inavyolegea.

Juisi ya muwa wenye kirusi ina madhara kwa mtu?

Hapana. Virusi hivi haviambukizi binadamu wala mifugo. Huenda utamu ukapungua.

Nikitaka kujua nina nasaba ipi, nipeleke nini maabara?

Peleka majani, si jani moja. Chukua jani changa la juu lililofunguka kwa batobato na milia. Kwa umanjano chukua jani lililokomaa pamoja na mshipa wake mkuu, kwa kuwa SCYLV hukaa kwenye mirija ya chakula na si kwenye jani zima. Chukua kutoka mimea yenye dalili na isiyo na dalili, kila moja kwenye mfuko wake, na uandike jina la mbegu, umri wa ratuni, mahali pingili zilikotoka, na zao lililo jirani. Usikate mimea yote kwa kisu kimoja bila kukisafisha.

Iambie maabara unataka utambuzi wa nasaba, usiishie kwenye jibu la "ipo" au "haipo". Waulize wanatumia eneo gani la jenomu, kwani kipande kifupi cha jeni ya ganda kinaweza kuficha kirusi kilichounganika, ambacho kichwa chake ni cha ukoo mmoja na mkia wa mwingine. Fedha zikiruhusu jenomu nzima, hata ya sampuli tatu tu, chagua hizo tatu kuliko vipande vifupi thelathini. Na kama pingili zinatarajiwa kuvuka mpaka, fanya hayo kabla hazijapakiwa.